Gliserini ya kunywa kwa presha ya macho: tathmini ya dawa na huduma tuliyoipata Mtwara

Dawa ninayoitathmini hapa ni gliserini ya kunywa, ile aliyopewa mama yangu mkubwa mwezi wa Julai mwaka jana katika kituo kimoja cha macho mjini Mtwara, alipofikishwa pale akiwa amelifunika jicho lake la kulia kwa kiganja na hataki hata kusemeshwa. Nitaeleza dawa yenyewe inavyofanya kazi na namna tulivyohudumiwa, na yaliyonikera sitayaficha. Kituo sitakitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nilizoziona nimezisikia pia kwa watu waliotibiwa kwingine, na waliotuhudumia siku ile walifanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Maoni yangu nayatanguliza: gliserini ni dawa nzuri sana kwa saa chache, na kwa mtu asiyefaa kuinywa ni hatari, hivyo thamani yake imo katika maswali yanayoulizwa kabla mgonjwa hajakabidhiwa bilauri na katika kazi inayofanyika ndani ya saa hizo chache.

Mama mkubwa ni mkulima wa korosho huko Tandahimba, na Julai ni msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Kila aliyewahi kusimama shambani wakati ule unga wa njano unapotua anajua namna macho yanavyowasha na kuwa mekundu, kwa hiyo jicho lake lilipoanza kuuma na kuwa jekundu hakuna aliyeshangaa, hata yeye mwenyewe. Usiku huo alitapika mara tatu, akasema kichwa kinampasuka upande mmoja, na akasema pia jambo ambalo sote tulilipuuza: kwamba taa ya chumbani ilikuwa imezungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua. Asubuhi alipelekwa mahali pa karibu pa kupata tiba, akapewa dawa ya malaria na matone ya jicho, akaambiwa apumzike. Tulipoteza siku mbili namna hiyo. Naomba wasomaji wa Mtwara na Lindi wanaolima korosho walishike jambo hili: salfa huwasha macho yote mawili na hutulia mtu akishanawa na kupumzika, lakini jicho moja linalouma pamoja na kichwa, lenye ukungu, linaloona duara za rangi kwenye taa, na mwenye jicho hilo anatapika, hilo si la salfa, nalo halisubiri kesho.

Tulipofika Mtwara mjini, tabibu wa macho hakuanza na mashine. Alimwomba mama afumbe macho na kutazama chini, akaweka ncha za vidole vyake viwili vya shahada juu ya kope na kubonyeza taratibu, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia, halafu akanishika mkono nami nijaribu. La kushoto lilibonyea kidogo kama zabibu iliyoiva. La kulia lilikuwa gumu kama gololi. Alimulika tochi, na mboni ya jicho lile ilikuwa imetanuka nusu na haikusogea hata kidogo, huku kioo cha mbele kikiwa na ukungu kama dirisha lililopuliziwa pumzi. Kipimo cha mashine kilisoma 58, wakati presha ya kawaida ya jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Jicho hutengeneza maji yake ya ndani muda wote na kuyatoa muda wote, na maji hayo hutokea kwenye kona iliyo kati ya kioo cha mbele na lile pazia la rangi linalozunguka mboni, ambalo wataalamu huliita irisi. Watu wengi wa kwetu wenye glakoma, yaani huo ugonjwa wa presha ya macho, wana aina ambayo kona hiyo iko wazi, ila uchujaji wenyewe ni hafifu, na presha hupanda polepole bila maumivu hadi mshipa wa fahamu wa jicho unapokwisha kuliwa. Ya mama mkubwa ilikuwa ile nyingine, ambayo kona hujifunga ghafla. Aina hiyo huwapata zaidi wanawake, watu wa umri mkubwa na wenye macho mafupi kwa umbo, kwa sababu lenzi huzidi kunenepa kadiri umri unavyokwenda na kulisukuma pazia mbele mpaka linaziba njia. Presha ikikaa juu namna ile, mshipa wa fahamu hukosa damu, na sehemu ya uoni inayokufa hairudi kwa dawa yoyote.

Alipewa tone la timololi, baada ya kuulizwa kwanza kama ana pumu, kwa kuwa tone hilo huweza kumbana kifua mwenye pumu. Kisha zikaja asetazolamaidi, vidonge ambavyo wengi huvijua kwa jina la Diamox, miligramu 500 kwa pamoja. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo ningependa kila kituo cha kusini kilizingatie. Muuguzi aliuliza, kama inavyompasa, kama mama ana mzio wa salfa. Mama akajibu mara moja kwamba anao, na kwamba salfa humwasha macho na kumkohoza kila mwaka. Muuguzi alikwisha kuinua kalamu kuandika "mzio" kwenye faili, na dawa ingeondolewa pale pale. Tabibu ndiye aliyegeuka na kuuliza: "Mama, unasema salfa ya korosho au vidonge vya salfa?" Salfa ya shambani ni kiberiti cha unga, salfa inayoulizwa hospitalini ni lile kundi la dawa ambalo ndani yake zimo Septrini na Fansida, na mambo hayo mawili hayana udugu wowote zaidi ya jina. Mama alikuwa amemeza Septrini mara nyingi bila kudhurika. Swali lile moja la nyongeza, lililoulizwa na mtu anayewajua wagonjwa wake na mashamba yao, kwangu lina uzito kuliko mashine yoyote niliyoiona siku hiyo.

Presha haikushuka vya kutosha kwa tone na vidonge, na ndipo gliserini ilipotajwa. Wazo la dawa ya aina hii linaeleweka upesi kwa mtu wa pwani. Anayetengeneza papa mkavu hupaka chumvi juu ya nyama, na baada ya muda maji hutiririka kutoka ndani ya nyama yenyewe, kwa kuwa chumvi iliyo nje huyavuta. Gliserini ikinywewa kwa wingi huingia kwenye damu na kuifanya nzito, lakini hupenya ndani ya jicho kwa shida, kwa hiyo damu nzito huyavuta maji kutoka ndani ya jicho, hasa kutoka kwenye ule ute mzito unaojaza nyuma ya lenzi. Ute ukipungua, lenzi hupata nafasi ya kurudi nyuma, pazia hulegea, na kona iliyobanwa hupata upenyo. Madaktari wa Italia ndio walioandika juu ya matumizi yake kwa macho mwaka 1963, na ingawa zimekuja dawa nyingi baada ya hapo, bado inatunzwa kwa dharura kama hii, na pia kwa kushusha presha kabla ya upasuaji fulani wa jicho.

Kipo kipimo chake, nacho si cha kukisia kwa kijiko. Mama alipandishwa kwenye mizani, akawa na kilo 52. Dozi ya kawaida ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, na tabibu akachagua ya chini kwa sababu ya umri wake, yaani gramu 52. Kwa kuwa gliserini ni nzito kuliko maji, gramu hizo ni kama mililita 41 za gliserini safi, na nilimwona mtu wa dirisha la dawa akizipima kwenye silinda ya plastiki, akiinama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari, kisha akachanganya na kiasi kilekile cha maji ya ndimu yenye barafu iliyopondwa. Ndimu na barafu si mapambo. Gliserini ni tamu ya kukinaisha na hukaa kwenye koo kama mafuta, na mgonjwa ambaye tayari anatapika akiitapika, dozi nzima imepotea. Ndiyo maana alichomwa kwanza sindano ya kuzuia kutapika, wakasubiri, ndipo akaambiwa anywe kidogo kidogo. Kwa mgonjwa ambaye kutapika hakukomi, njia ya kinywa haifai, na hapo hutumika manitoli ya dripu, ambayo ina nguvu zaidi lakini huujaza mzunguko wa damu kwa ghafla na hivyo huwa mzigo kwa moyo na figo dhaifu.

Kabla ya kunywa alichomwa kidole kupimwa sukari, na hatua hiyo isirukwe hata kama mgonjwa analia kwa maumivu. Gliserini ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa sukari, na kwa mwenye kisukari dozi moja ya namna hii inaweza kuipandisha sukari kiasi cha kumlaza hoi. Aliulizwa kuhusu moyo, kuhusu kuvimba miguu, kuhusu figo. Kwa wanaume wazee wapo wanaoulizwa kuhusu tezi dume, kwa maana dawa hii huleta mkojo mwingi kwa muda mfupi, na mwenye njia iliyobana anaweza kuziba kabisa. Mama alipita kwenye maswali yote, sukari yake ikiwa ya kawaida, na bilauri akakabidhiwa saa 5:20 asubuhi.

Baada ya hapo ilikuja saa ngumu kuliko zote, na ndiyo niliyo na manung'uniko nayo. Dawa inayovuta maji mwilini huleta kiu kali, na kiu ile ni dalili kwamba inafanya kazi. Mgonjwa akinywa maji, damu huwa nyepesi tena na kazi yote hubatilika. Hakuna aliyetuambia hivyo. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kununua dafu pale nje, limekatwa na mrija umo ndani, anamwinulia mama kichwa anywe, wakati muuguzi alipopita kwa bahati na kuliona. Alilichukua kwa upole na kutueleza kwa maneno mawili matatu, tukaelewa. Lakini maneno hayo mawili matatu yalistahili kuja kabla ya bilauri. Kwetu mgonjwa hauguzwi na hospitali peke yake. Anauguzwa na ndugu waliokaa kwenye mkeka pembeni, na ndugu hao wana chupa ya chai, uji na madafu. Asiyewaambia ndugu hajamwambia mgonjwa. Tangu pale tulilowesha pamba na kumfuta midomo, huku akirudia kuniomba: "Mwanangu, hata funda moja." Sijawahi kumnyima mama yangu mkubwa maji maishani mwangu, na dakika zile zilinielemea kuliko safari nzima.

La pili ni choo. Ndani ya saa moja alihitaji kujisaidia mara mbili, na choo kilikuwa ng'ambo ya ua, chenye ngazi tatu. Mtu aliyekunywa dawa hii anapaswa kulala chali au kuegemea, kwa kuwa akiinuka kichwa huuma vibaya na kizunguzungu humwangusha, na mzee anaweza hata kuchanganyikiwa kwa muda kutokana na kupungukiwa maji. Hapakuwa na chombo cha kumwekea kitandani. Tuliazima beseni kwa mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe, naye alilitoa bila kusita. Kituo kinachotoa dawa ya kuvuta maji kwa wazee lazima kiwe na chombo cha mkojo kando ya kitanda, tena ni kitu cha bei ndogo kuliko dawa yenyewe. Nilimwambia msimamizi hivyo ana kwa ana, akaandika.

Sasa matokeo. Dawa huanza kuonyesha kazi ndani ya nusu saa, na kilele chake huwa kati ya saa moja na saa mbili baada ya kunywa. Ilipotimu saa 6:20 mchana presha ilikuwa 36. Ilipofika saa 7:30 ilikuwa 24, na ule ukungu wa kioo cha mbele ulikuwa umepungua kiasi kwamba tabibu aliweza kuitazama kona ya ndani kwa lenzi yake. Mama alinyamaza kulalamika, akafumbua jicho, akasema anaiona kanga yangu ingawa maandishi hayaoni. Ndipo wakamtia tone la pilokapini la kubana mboni. Niliuliza kwa nini hawakuanza nalo, nikajibiwa kwamba presha ikiwa juu mno msuli wa pazia hukosa damu na hausikii dawa, kwa hiyo tone lile hungoja presha ishuke kwanza. Nilipenda kwamba waliniruhusu kuuliza na kwamba walijibu.

Kazi ya gliserini hudumu kama saa nne au tano tu, kisha presha inaweza kupanda tena ikiwa kilichoifunga kona hakijaondolewa. Tiba yenyewe ni tundu dogo linalotobolewa kwenye pazia kwa leza, ili maji yapate njia nyingine ya kupita. Kituo kile hakikuwa na mashine ya leza, na hawakutuficha. Walimpa vidonge na matone ya kumlinda, wakampima tena jioni ili wahakikishe presha haijarudi juu, na wakatuandikia rufaa ya Dar es Salaam, tukaondoka na basi la alfajiri. Kilomita zaidi ya 500 na jicho la namna ile si safari ya kumtakia mtu, lakini bila zile saa tulizonunuliwa na gliserini ingekuwa ni kusafirisha jicho lililokwisha kufa.

Gharama haikuwa tatizo. Dozi ile ilitugharimu chini ya nauli ya mtu mmoja kutoka Tandahimba. Tatizo liko kwenye upatikanaji na kwenye majina. Ipo dawa dada ya gliserini iitwayo isosobaidi, nayo hunywewa kwa kazi ileile, na ubora wake ni kwamba haigeuki sukari mwilini, hivyo huwafaa zaidi wenye kisukari. Baadaye, kwa ajili ya jirani yetu mwenye kisukari, nilizunguka maduka ya dawa nikiiulizia. Muuzaji mmoja alinitolea kwa uhakika kabisa pakiti ya isosobaidi dinaitreti, ambayo ni vidonge vya moyo vya kutanua mishipa ya damu. Majina yanafanana, dawa ni mbali kabisa, na anayevimeza kwa ajili ya jicho hatapata nafuu ya jicho ila presha ya mwili wake itashuka. Kwa hiyo mtu asitumwe dukani na jina la dawa hii kichwani. Iandikwe, na itolewe na waliomwona mgonjwa.

Vilevile namwomba kila anayesoma asije akafikiri kwamba ile chupa ya gliserini ya kupaka ngozini, inayouzwa katika kila duka la vipodozi, inaweza kuchanganywa na ndimu nyumbani. Haikutengenezwa kwa kunywewa. Huko Haiti, miaka ya 1995 na 1996, watoto wengi walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kunywa sharubati ya homa iliyotengenezwa kwa gliserini iliyoghushiwa na kemikali ya sumu, na mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walikufa Gambia baada ya kunywa sharubati za kikohozi zenye sumu za aina hiyohiyo. Gliserini ya dawa hupimwa usafi wake, na kazi ya kuhakikisha hivyo hapa kwetu ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ya kupaka ibaki kwenye ngozi. Na wenye glakoma ya kawaida, ile ya polepole, wasiiombe kama mbadala wa matone yao ya kila siku, kwa sababu si dawa ya kunywewa siku hadi siku.

Jambo la mwisho ninalolisifu bila kubakiza ni kadi. Kabla hatujaondoka Mtwara, tabibu aliandika kwa herufi kubwa zinazosomeka: uzito, gramu za gliserini, saa iliyonywewa, sukari ya kabla ya kunywa, na presha ya jicho kila ilipopimwa, 58, 36, 24, na ile ya jioni, 27. Daktari aliyetupokea Dar es Salaam aliisoma kadi ile akiwa amesimama, hakuturudisha nyuma kwa maswali, na siku hiyohiyo leza ilipigwa kwenye jicho la kulia, kisha kwenye la kushoto ambalo halikuwa limeuma bado, kwa kuwa jicho la pili la mgonjwa wa namna hii lina kona nyembamba vilevile na huweza kufuata mkondo wa la kwanza. La kulia limebakiwa na uoni wa kutosha kuchambua korosho. Kando yake kuna giza ambalo tuliliingiza sisi kwa zile siku mbili. La kushoto ni zima.